Jina la Baba kwa Herufi Kubwa

…na asikudanganye mtu, mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeketi kwenye ile benchi ya barazani mahakamani Lodwar, hatua tatu kutoka dirisha la karani, nikingojea kesi ya mbuzi wangu ambayo hata siku yake haikuwa imefika, na yote niliyaona kwa macho haya mawili, hata yale yaliyokuwa ndani ya kichwa cha Mabil Ajak niliyaona, kwa sababu mtu mrefu namna ile akishikwa na hasira midomo yake hucheza yenyewe, na yaliyobaki nilimchomoa baadaye kwa chai ya maziwa, basi tulia, ni saa sita na robo mchana, jua la Septemba limekaa juu ya mabati kama askari wa zamu, na Mabil ameinama dirishani, amejikunja kama kiti cha kanisa, kwa kuwa kalamu ya mahakama imefungwa kwa kamba na kamba yenyewe ni fupi, na kwa nini waifunge, anawaza, nani angeiiba, mtu atoke Kakuma, ashushwe kwenye gari mara tatu kwenye vizuizi vitatu vya polisi, aonyeshe kibali, akung'utwe mifuko, afike hapa aibe kalamu?… na hicho kibali, ati kibali cha mkimbizi kutoka kambini, samansi ya mahakama ilisema jibu ndani ya siku kumi na nne, akaenda kuomba kibali siku ile ile, njoo Jumatatu, akaja Jumatatu, afisa yuko mkutanoni, njoo Alhamisi, akaja Alhamisi, picha yako imefifia leta nyingine, siku kumi na mbili zikaliwa hivyo, moja baada ya moja, kama mtama na ndege, ya kumi na tatu akawa barabarani, na hii ndiyo ya kumi na nne, na masijala inafungwa saa saba, na karatasi iko mbele yake nyeupe, na kalamu iko hewani, haijagusa.

"Mzee, andika," anasema karani, Mutua, kijana wa Ukambani mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuota chakula cha mchana, "mstari wa kwanza jina la baba wa mtoto, herufi kubwa. Wa pili jina lako wewe unayejibu. Wa tatu, wewe na mtoto mna uhusiano gani. Huu si mtihani." Si mtihani, kumbe, si mtihani, Mabil anasaga meno ya juu, ya chini hana, yaling'olewa akiwa mdogo kama Wadinka wenzake wote wa Bor, kwao Sudan Kusini, si mtihani kwako wewe Mutua ambaye baba yako ni baba yako na kaka yako ni kaka yako na kila mmoja ana mstari wake, lakini hapa mstari ni mmoja na wanaume ni wawili, mmoja yuko hai ameshika kalamu na mwingine amekufa tangu mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa, na yule aliyekufa ndiye mwenye mtoto… na pale nyuma, kwenye benchi ya ukutani, yupo huyo mwanamke, Nyanut, mkoba mapajani, faili ndani ya mkoba, na pembeni yake mtoto mwenyewe, Adau, miaka minane, anaguguna tunda la mkoma na kuninginiza miguu, kiatu kimoja cha akala ukanda wake umefungwa kwa waya, na nani kaufunga huo waya, si yeye Mabil, yeye angetafuta ngozi, angeushona, waya humkata mtoto kisigino, lakini nani anamuuliza, hakuna anayemuuliza, na mwanamke ndiyo hivyo, ameona mgongo wa mtu umeinama, basi ulimi ukamwasha: "Shemeji! Andika basi. Ama unangoja marehemu akuje akushikie mkono?"

Benchi nzima ikacheka, na mimi nilicheka, sifichi, hata Nakuleu muuza chai aliyekuwa hajui Kidinka wala kesi alicheka, na Mabil hakugeuka, masikio yake tu ndiyo yaligeuka, shemeji, ananiita shemeji, mbele ya Waturkana na Wakamba ananiita shemeji, mimi niliyelala naye nyumba moja miaka minane, na ubaya wenyewe hakudanganya, hilo ndilo linalomchoma, angedanganya angempiga neno la kumrudishia, lakini ni shemeji yake, kwa desturi ni shemeji na kwa karatasi ni shemeji, Bior alikufa vitani kando ya mto hajatimiza miaka ishirini, hana mke, hana mtoto, na kwao kijana akifa hivyo haachwi apotee kama moshi, mdogo wake haruhusiwi kumruka, lazima kwanza amwolee, ng'ombe watolewe kwa jina la marehemu, mke aitwe wa marehemu, watoto waitwe wa marehemu, na mdogo mtu kazi yake ni kuingia ndani na kuzima taa, basi baba zake wadogo wakatoa ng'ombe thelathini kwa ajili ya Bior, na Nyanut akaletwa, akaolewa akiwa mjane tayari, mjane wa mtu ambaye hakuwahi kumsikia akikohoa… na sasa anaandika mahakamani, mimi ni mjane, mume wangu alikufa, naomba korti inipe mtoto niwe naye peke yangu, kwa sababu wale wanaopeleka wakimbizi Australia hawampandishi mtoto ndege mpaka waone moja kati ya karatasi mbili, ama idhini ya baba, ama amri ya hakimu kwamba mama ndiye mlezi pekee, na baba akiwa marehemu idhini ataitoa nani, haya, basi amri, muhuri, ndege, Adau huyoo, na mimi nimebaki Kakuma nikiangalia juu kama kuku aliyenyakuliwa kifaranga.

Na Mutua amekwisha kumweleza, tena mara mbili, mara ya pili taratibu kama anayeongea na kiziwi: "Ukijiandika baba mdogo, mzee, huna la kupinga, hakimu atakusikia kama anavyomsikia jirani. Ukijiandika baba, haya, una haki ya kusikilizwa, lakini vyeti vyote vinasema baba mwingine, kwa hivyo faili inarudi kwa afisa wa watoto, anaandika ripoti upya, cheti kinasahihishwa, na wewe unaapa hapa chini." Hapa chini, na Biblia ile pale kando ya dirisha, jalada limebandikwa gundi, ya kuapia, na huo ndio mtego wenyewe, anawaza, jasho linateremka puani linaning'inia, akiapa kwamba yeye ni baba mdogo anamdanganya Mungu, na Mungu hawezi kudanganywa kuhusu jambo lile, alikuwepo, na akiapa kwamba yeye ni baba anamwibia maiti, na mtu akimwibia maiti habari hufika Bor kabla yake, baba zake wadogo watasema Mabil amekula mtoto wa kaka yake, amemzima Bior mara ya pili, na watu wataanza kuugua nyumbani na kila kikohozi kitakuwa cha Mabil… pande zote mbili ziko sawa na mimi katikati ndiye mwizi, sheria gani hii, mtu aambiwe chagua, wa mbinguni au wa kaburini, na uharakishe, karani ana njaa.

Na nani alijua, nani aliwaambia watu wa Bor kwamba karatasi haijui desturi, kwamba karatasi ni mjinga wa kuamini kila inachoambiwa, siku ile ya kumwandikisha Adau kambini alisimama kwenye foleni tangu asubuhi, mtoto mgongoni mwa Nyanut ana wiki tatu, na aliyekuwa akiandika akauliza, baba ni nani, na yeye Mabil, bila kusita, kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma wasikie, Bior Ajak, yuko wapi, amekufa, alikufa lini, tisini na tisa, na mtoto kazaliwa lini, juzi, elfu mbili na tano, na yule mwandishi aliinua macho, akamtazama, akatazama foleni iliyokuwa imefika mpaka kwenye bomba la maji, akainamisha macho, akaandika, na Mabil alitoka pale kifua kimefunguka kama lango la zizi, amemzalisha kaka yake kwenye kitabu cha dunia, na kanisani hivyo hivyo, mchungaji akauliza nani baba wa mtoto huyu, akasimama, akasema Bior, wazee wakapiga makofi, Adau Bior, na maji yakamwagika… makofi yale, wangenipiga nayo usoni ingekuwa afadhali.

"Shemeji, saa inaenda," Nyanut tena, sasa bila kicheko, na Mabil anawaza saa imekwisha kwenda, saa ilienda zamani, hasira yake inamwacha yule mwanamke, inapanda, inatafuta mtu mwingine wa kumshika koo, inampata, na ni nani kama si yeye mwenyewe marehemu, Bior, wewe, ndiyo, wewe, umekula nini duniani ambacho sikukutafunia mimi, ng'ombe walikuwa wako, mke wako, mtoto wako, kwenye kadi ya chakula jina lako liko juu na wewe huli, mimi ninayekula niko chini nimeandikwa jamaa, umri wangu wote nimekaa ndani ya shati lako, ulikuwa mzembe hata ulipokuwa hai, ulikuwa unaniachia ndama nichunge halafu unaenda kuimba, na mimi kila Jumamosi ndiye niliyekuwa nikimnyoa Adau kichwa, kwa wembe, hatulii kwa mtu mwingine, kwa mama yake anaruka kama panzi, kwangu anafumba macho ananipa kichwa chote, mkono wako ulikuwa wapi, Bior, uliwahi kushika kichwa kile, kiko moto kama yai lililotoka chini ya kuku… na siku moja, ana miaka mitatu, nimemaliza kumnyoa nampuliza nywele shingoni, akasema, baba, hivyo tu, baba, na mimi nikafanya nini, nikamshika kidevu nikamsahihisha, mdogo, sema baba mdogo, akasema baba, nikasema mdogo, akalia, akasema mdogo, na hajakosea tena mpaka leo, kwa ajili yako wewe, Bior, kwa ajili yako nilimfundisha mtoto wangu asiniite.

"Sasa hiki kiambatisho cha tatu," Mutua anasema, amechoka kungoja, anapekua nakala ya kesi iliyokuwa mkononi mwa Mabil, kwa kuwa yote ni Kiingereza na Mabil Kiingereza chake kinaishia thank you, "hii ni kadi ya hospitali, mama ameiweka kama ushahidi. Upasuaji wa tumbo, tarehe tisa Agosti, mwaka jana. Hapa muuguzi ameandika, baba wa mtoto ni marehemu, imethibitishwa kwa simu na jamaa wa kiume aliye Sudan Kusini. Huyo jamaa wa kiume ni nani, mzee? Unamjua?" na kalamu ikatingishika kwenye kamba yake, mimi niliiona, ilitingishika kama mtego uliokamata kitu, jamaa wa kiume, unamjua, mzee, na Mabil anataka kusema simjui, anataka kucheka, anataka karani akale, aende sasa hivi akale, dirisha lifungwe, kwa sababu simu ile haikuwa ya kesi, simu ile alikwisha kuizika, aliizika mbali, nyuma ya ng'ombe na nyuma ya uhuru wa nchi na nyuma ya mvua mbili, aliondoka Kakuma mwaka wa uhuru akasema anaenda Bor kutazama nyumbani, lakini alienda kutafuta ng'ombe, na ng'ombe wa nini, wa kuoa, aoe kwa jina lake mwenyewe safari hii, mke wa Mabil, watoto wa Mabil, mtu akichoka kuvaa shati la marehemu si ataenda kutafuta kitambaa, na siku ile ya tarehe tisa alikuwa ameketi kwa watu wa msichana, kaka zake watatu, kigoda kwa kigoda, wanamtazama meno na viatu, na simu ikalia, na spika ya sikioni ilikuwa imekufa, ilibidi aweke ile ya nje watu wote wasikie, na Nyanut, sauti inakatika, Mabil, mtoto tumbo imevimba, wanakata leo, mimi naogopa kuweka kidole kwa karatasi yao peke yangu, ongea na wao, wewe ongea, na muuguzi akachukua simu, hallo, wewe ndiye baba wa Adau?

Na kaka watatu wakaacha kutafuna… na alisema nini, alisema hapana, alisema, baba yake alikufa, hivyo tu, na akazima, na hapo, Mabil anawaza na pua inadondosha lile tone la jasho juu ya karatasi ya serikali, hapo sikukufikiria wewe, Bior, hata kidogo, hata jina lako halikupita, sikusema kwa desturi wala kwa ajili ya ng'ombe thelathini, nilisema kwa sababu kaka watatu walikuwa wananitazama na sikutaka waseme huyu ana mtoto Kakuma, nilijificha nyuma yako kama mwizi anavyojificha nyuma ya kanisa, kanisa halina habari, na mtoto akakatwa tumbo na mama akaweka kidole peke yake, na wale kaka watatu, jioni ile ile, walinikataa vile vile, wakasema ng'ombe ni wachache, nikarudi Kakuma mikono mitupu, kwa hivyo nilimkana mtoto bure, sikulipwa hata na mke… na ndiyo hapo, ujane wa Nyanut hautoki kwa Nyanut, hautoki kwa mwandishi wa foleni wala kwa mchungaji, mimi ndiye niliyeua baba wa Adau, kwa simu, kwa sauti ya nje, na muuguzi akaandika, na karani anasoma, karatasi haikukosea popote, karatasi ilifanya kama nilivyoiambia, na nimekuja hapa na hasira ya mtu aliyeibiwa.

Anageuza shingo, mara ya kwanza tangu ainame, anamtazama Nyanut, akitarajia kicheko, na Nyanut hacheki, amemsikia karani, anatazama sakafu ya saruji, mkono wake uko juu ya mkoba kama mtu anayeziba kidonda cha mwingine, alijua, siku zote alijua ni nani yule jamaa wa kiume, hakumtaja jina, angeweza kumtaja, aliiacha hivyo, jamaa, na pembeni yake Adau amemaliza mkoma, anajikuna ubavuni kwa juu ya gauni, pale pale, upande wa kulia, kovu likipona huwasha, na Mabil hajawahi kuliona kovu hilo, hajui kama ni refu au fupi, kama limenyooka, mtu anayejua kila mwinuko wa kichwa cha mtoto hajui tumbo lake limeshonwa vipi… "Mzee!" Mutua anagonga dirisha kwa muhuri, "jamaa wa kiume, unamjua humjui?" "Ngoja," Mabil anasema, neno la kwanza tangu afike dirishani, "ngoja, namjua," na anageukia karatasi tena, anainama tena, kamba inavutika tena, ni saa sita na nusu, kila kitu kiko pale pale, karatasi nyeupe na tone moja la jasho, mstari mmoja, kalamu hewani, lakini hasira sasa haina kelele, imekaa chini kama mtu aliyefika kwake, na anawaza, aende Australia, asiende, hilo lina siku yake na nitalisema mbele ya hakimu na mama yake akiwa amekaa, faili irudi kwa afisa wa watoto, irudi mara mia, nitaifuata, nitaomba kibali mara mia, picha yangu ififie mpaka nibaki meno, Bor waseme wasemavyo, wakikohoa wakohoe, lakini haondoki hapa akiwa yatima wa mtu aliye hai, na wewe, Bior, kaka yangu, mimi sikunyimi, nitakutafutia mtoto mwingine, nikioa tena wa kwanza ni wako, naapa, ila huyu nilimkana kwa mdomo wangu na nitamrudisha kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, mstari ni mmoja, na wewe umeukalia miaka minane… sogea.

Sogea kidogo, kaka.

Na hapo ndipo kalamu ilipokuwa mara ya mwisho nilipoitazama, upana wa kidole kimoja juu ya karatasi, kabla watu walioitwa kwa kesi nyingine hawajanipitia mbele ya macho, na yote niliyosema yalikuwa hivyo hivyo, kamba, Biblia ya gundi, simu, kicheko changu, ila jambo moja, moja tu, niliweka mimi, na usiniulize kwa nini mapema hukuambiwa: mtoto hakuwepo. Hapakuwa na mkoma wala akala ya waya wala mkono ubavuni, Nyanut aliketi peke yake na mkoba, na Adau alikuwa Kakuma darasani, akisoma kama siku nyingine, kwa kuwa katika karatasi zile zote za pande zote mbili, nami nilizitazama zikifunuliwa moja moja, hapakuwa na hata moja iliyomwita aje.